Marashi na manukato si kitu kimoja: asili ya maneno yenyewe hii hapa

Kalamu Butu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Siku hizi kumezuka mtindo wa kusahihishana mitandaoni. Ukiandika "marashi" anatokea mtu anakwambia andika "manukato", eti marashi ni Kiarabu na manukato ndiyo Kiswahili. Hajamaliza, anaingia mwingine na la kwake: manukato yametoka kwenye kunuka, kwa hiyo ukimwambia mkeo umemletea manukato ni kama umemsema kwamba hanukii. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli, na kila mmoja anakosea pale anapodhani amemaliza mjadala.

Nianze na marashi. Kwa Kiarabu kitenzi *rashsha* ni kunyunyiza. Kifaa cha kunyunyizia ni *mirashsh*, na watu wa Ghuba hutamka *marash*. Kwetu kifaa hicho kimebaki na jina lake: mrashi, wingi mirashi. Waliowahi kukaa kwenye maulidi au nikaha za pwani wanakijua. Ni chupa ya fedha au shaba, tumbo la duara, shingo ndefu nyembamba, na juu kabisa kichwa chenye vitundu vidogo. Anayehudumia anapita mstari kwa mstari, anaukung'uta mara moja au mbili kwenye viganja vya mgeni, mgeni anajipaka usoni na kwenye kanzu. Kilichomo ndani ni maji ya waridi. Hayo ndiyo marashi ya awali: kile kinachonyunyizwa, si kila kinachonukia.

Sasa tazameni Kiswahili kilivyolipokea neno. Chombo kikawekwa kwenye ngeli ya M/MI, pamoja na mkuki na mshale. Kilichomo kikawekwa kwenye ngeli ya vimiminika, pamoja na maji, mafuta, maziwa, mate na machozi. Ndiyo maana tunasema marashi haya, marashi mazuri, na sijamsikia mtu akiomba "rashi moja". Ile *mi-* ya Kiarabu ni ya kuundia majina ya vifaa. Sisi tuliisoma kwa jicho la Kibantu na tukapata maneno mawili.

Ndugu zake mnaishi nao. Mvua ya rasharasha ni huyo huyo. Kitenzi kurashia, yaani kunyunyizia, kimo kwenye kamusi ingawa vijana hawakitumii. Na kwa Kiarabu cha leo *rashshash* ni bunduki ya kumimina risasi, kwa kuwa nayo "hunyunyiza".

Manukato ni ukoo mwingine kabisa. Mzizi wake ni wa Kibantu, ule ule wa nuka na nukia. Wazulu wana *nuka*. Wakikuyu wana *kũnunga*. Wachewa wa Malawi wanafanya kama sisi hasa: *kununkha* ni kunuka, *kununkhira* ni kunukia. Kinachogeuza uvundo kuwa raha ni kile kiambishi cha kutendea tu. Sasa angalieni: neno manukato halina ile "i" ya nukia, na bado halina ubaya wowote. Mimi naamini hiyo ni alama kwamba hapo zamani nuka ilikuwa kutoa harufu tu, iwe nzuri iwe mbaya, na ubaya umelikalia neno baadaye. Manukato likabaki na usafi wake wa zamani.

Hoja yangu basi ni hii. Marashi linaeleza mkono umefanya nini. Manukato linaeleza pua imepata nini. Udi wa kufukiza ni manukato, si marashi. Liwa ya kupaka mwilini ni manukato, si marashi. Ile chupa ya kupuliza inayotoka Dubai ni yote mawili, na kusema kweli ndiyo iliyolirudisha neno marashi kwenye kazi yake ya kwanza, maana inarashia.

Karibuni. Matusi hapana.

---

Kigoda Mbele

Nimeweka kigoda hapa. Nyuzi kama hizi zilikuwa zimepotea.

---

Mtu wa Bara

Mkuu, shukrani kwa darasa. Sisi wa Shinyanga tunasema pafyumu tu, na wauzaji wa stendi wanasema "spirei". Hiyo pafyumu nayo inatokana na kunyunyiza au ni kitu gani? Maana nayo siku hizi ni Kiswahili, usibishe.

---

Jembe na Kalamu

Mtu wa Bara, hiyo imetoka kwenye moshi. Ni Kilatini, *per fumum*, "kwa moshi" au "kupitia moshi". Waitaliano na Wafaransa wakaifanya *profumo* na *parfum*, Waingereza wakaichukua kwa Wafaransa. Kwa hiyo Mzungu naye alianza na chetezo: alichoma utomvu na magome, moshi ukapanda, nguo na chumba vikapata harufu. Chupa imekuja baadaye ikakuta jina lipo tayari.

Na Kiswahili kina kifaa chake kwa jambo hilo hilo: kufuka, kufukiza, kujifukiza, mafusho. Mwaka 2020 nusu ya nchi ilikuwa chini ya blanketi na sufuria ya majani, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kufukiza ni nini. Kama tungetaka kumtafsiria Mlatini kwa haki, pafyumu ingekuwa "mafusho". Lakini nenda kamuuzie mtu chupa ya shilingi laki moja umwambie ni mafusho, uone.

---

Mpemba Asiyeudhi

Kalamu Butu ndugu yangu, umesema vyema lakini hapa nakushika shati. Visiwa vyetu vinaitwaje? Visiwa vya marashi ya karafuu. Nani ananyunyiza karafuu? Karafuu inaanikwa kwenye majamvi, jua likiwaka barabara yote ya kuelekea Wete inanukia, na hakuna mrashi wala mtu mwenye mrashi. Kwa hiyo neno limeshatoka kwenye chupa zamani. Huwezi kulirudisha ndani.

---

Kalamu Butu

Mpemba, hilo halinipingi. Nimesema asili, sikusema sheria. Maneno hupanuka, na marashi limepanuka mpaka likafunika chochote chenye harufu nzuri hewani. Ila tazama hata hapo: msemo huo unasifu harufu inayokufikia kutoka mbali, inayokurukia ukiwa bado chomboni. Hakuna anayesema visiwa vya marashi ya karafuu akiwa na maana ya karafuu iliyo ndani ya pilau. Kuna kurashiwa ndani yake bado.

Halafu karafuu yenu mbona inakamuliwa pia? Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kwenye makonyo.

---

Mpemba Asiyeudhi

Kipo, na ukipita karibu siku ya kazi hutauliza kilipo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki ukishachambua karafuu yenyewe. Zamani wengine walivitupa. Vinapikwa kwa mvuke, mvuke unapozwa, mafuta yanajitenga na maji. Lakini hayo sisi tunayaita mafuta ya makonyo. Marashi hatuyaiti. Haya, nakuachia goli moja.

---

Bi Kikuba

Wanangu, mmezungumza chupa na vyetezo tu, wanaume nyinyi. Manukato ya mwanamke wa pwani mengi hayana chupa.

Kikuba je? Asumini zilizofunguka jioni, majani ya mrehani, kilua kikipatikana, mlangilangi, na vipande vya mkadi, vyote vinafungwa pamoja vinavaliwa kifuani au vinachomekwa kwenye nywele. Havinyunyizwi, havifukizwi. Vinavunda kwa joto la mwili na ndivyo vinavyotoa harufu. Asubuhi unaviokota kitandani vimenyauka na bado vinanukia.

Liwa inasuguliwa kwenye jiwe, jiwe lenyewe linaitwa msio, unatia maji au marashi kidogo, kipande cha mti unakizungusha mpaka upate uji mzito. Anapakwa bibi harusi. Singo ni ya kusugulia mwili. Dalia ni ya manjano. Na tibu ni unga wa manukato uliochanganywa, kila nyumba na mchanganyiko wake, na hawakupi siri hata ukioa kwao.

Kwa hiyo mwanangu Kalamu nakubaliana nawe kwamba manukato ndiyo mwavuli. Mama yangu akisema "marashi" alikuwa na maana ya kile cha kwenye mrashi peke yake. Vingine alivitaja kwa majina yake.

---

Mtu wa Bara

Shikamoo Bi Kikuba. Hiyo tibu ndiyo kumtibu mgonjwa?

---

Bi Kikuba

Marahaba mwanangu. Mimi najua kuipaka, wenye vitabu waje.

---

Mwalimu wa Jioni

Bi Kikuba shikamoo. Nimjibu kijana.

Hapana, ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyokutana bandarini kwetu yakafanana. Kutibu kumetoka *tibb*, uganga wa maradhi, na *tabibu* yumo humo. Tibu ya kupaka imetoka *tib*, irabu ikivutwa, maana yake uzuri, na kwa hapo manukato. Kiswahili hakivuti irabu kama Waarabu, kwa hiyo yakawa pacha. *Taibu* na *tayibu*, ile ya kuitikia "vyema", ni za upande wa tibu ya kupaka.

Na kuna neno ambalo mleta mada ameliruka nashangaa: uturi. Hilo ndilo neno la manukato hasa kwa washairi wetu. Kwa Kiarabu *itr* ni manukato, wingi wake *utur*. Sisi tukachukua ule wingi mzimamzima, tukaona "u" mwanzoni, tukalipeleka kwenye ngeli ya U: uturi huu, uturi wake. Wingi wa Mwarabu ukawa umoja wetu. Al-Kindi, yule mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, anahusishwa na kitabu kizima cha namna ya kutengeneza na kukamua manukato, na neno *itr* limo kwenye jina la kitabu hicho.

Ubani nao una kisa kama hicho. Kwa Kiarabu ni *luban*, kutoka kwenye mzizi wa weupe, ule wa *laban*, maziwa. Utomvu wenyewe ukitoka kwenye gome unakuwa kama tone la maziwa kabla haujakauka. Kwetu "l" imedondoka. Maoni yangu: mababu waliisikia *lu-* wakadhani ni ile *lu-* ya Kibantu ambayo Kiswahili huifanya *u-*, kama *lulimi* ilivyokuwa ulimi. Neno likanyolewa kichwa kwa kosa la heshima.

---

Jembe na Kalamu

Na ubani huo huo ndio tunautoa msibani siku hizi kwa simu. "Tuma ubani namba hii." Kutoka kwenye utomvu wa kufukiza nyumba ya mfiwa mpaka pesa ya kumsaidia mfiwa. Hakuna aliyekaa kuamua.

---

Muskati

Salamu kutoka Maskati, wazee wangu wa Unguja, mimi nimezaliwa huku.

Kuhusu *marash*, nathibitisha. Huku kila nyumba inao, ya fedha kwa siku kubwa. Maji ya waridi mazuri yanatoka Jabal Akhdar, kule juu milimani kwenye baridi. Waridi zinachumwa majira ya kuchipua, alfajiri kabla jua halijazikausha harufu, zinapikwa kwenye vyungu juu ya moto wa kuni, na mvuke unashikwa kwenye chombo kilichowekewa maji baridi juu. Yale ya mtindo wa zamani yana harufu ya moshi kidogo. Wageni wanafikiri yameungua, kumbe wenyewe ndiyo wanayotaka, tena yanaingia kwenye haluwa na kahawa.

Ubani ni wa Dhofar, kusini mwa Omani. Mkwaju wake umeingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, pamoja na bandari za kale zilizousafirisha. Unachanjwa gome, unaachwa utokwe, unarudi baada ya siku kadhaa kuubandua. Mweupe unaoelekea kijani ndio ghali.

Na desturi: udi unaletwa mwisho wa ugeni. Watu wa Ghuba wana msemo, baada ya udi hakuna kukaa. Chetezo kikishakuzunguka, vuta kanzu, fukiza, aga.

---

Mpemba Asiyeudhi

Mkwaju wa ubani? Muskati umepotea nyumbani muda mrefu, mkwaju ni wa ukwaju. Sema mti.

---

Muskati

Mti, mti. Nakubali. Mnihurumie, Kiswahili changu cha jikoni kwa bibi.

---

Kijana wa Lubumbashi

Bakubwa, huku kwetu Kongo neno lenu limesafiri. Kwa Lingala manukato ni *malasi*. Hakuna "sh" wala "r" pale, lakini masikio yanatambua: marashi. Kinshasa watu wanaojua kuvaa hawatoki nyumbani bila *malasi*, na wengi hawajawahi kusikia kuwa lilipita kwa Waswahili kabla ya kufika mtoni. Ngeli nayo wameiacha vilevile, *ma-*.

---

Kalamu Butu

Hii ndiyo raha ya nyuzi. Maji ya waridi ya Mwarabu yamefika Kinshasa yakiwa yamevaa koti.

---

Mwana wa Mchungaji

Niongeze upande wa kanisani, maana tumekaa pwani sana.

Biblia ya Union Version haitumii marashi kwa wale wanawake walioenda kaburini; ni manukato. Yule aliyemmiminia Yesu kichwani alikuwa na marhamu, neno la Kiarabu la dawa ya kupaka. Na mamajusi walileta dhahabu na uvumba na manemane. Watafsiri walijua tofauti: kinachopakwa, kinachofukizwa, kinachowekwa na maiti.

Sasa huo uvumba unisaidieni. Vumba ni ile harufu ya samaki, ambayo wengine wanaiita shombo. Uvumba ni kitu cha madhabahuni. Hawa wawili wamekutana wapi?

---

Kalamu Butu

Mwana wa Mchungaji umeniletea shahidi. Ndiyo yale yale ya nuka na manukato. Neno la harufu, bila kusema nzuri au mbaya, linagawanyika: moja linaenda sokoni kwa samaki, jingine linaenda altareni. Ukiniuliza, lugha yetu haikuwa na haraka ya kuhukumu harufu. Ilitaja kwanza kwamba kuna kitu kimefika puani, hukumu ikaja kwa kiambishi au kwa mazoea.

Ila tukishaamua kuhukumu, tunahukumu: shombo, kutuzi, kikwapa, uvundo. Kwenye ubaya hatukuazima sana. Kwenye uzuri ndiko tulikoazima: marashi, uturi, miski, ambari, zabadi, sandali, udi. Kwa sababu gani? Kwa sababu uzuri ulikuwa bidhaa. Uliletwa na majahazi, una bei, una jina la muuzaji.

---

Msema Kweli Hafi

Hapo umeteleza mkuu. Si kila kitu kililetwa. Ambari ilitoka hapa hapa kwenda kwao. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu aliyefika pwani hii mwaka 916, aliandika kwamba ambari bora ilipatikana bahari ya Zanj, yaani pwani yetu hii. Ni kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi, kinaelea, kinatupwa ufukweni, mvuvi anaokota. Na zabadi ni ya ngawa, mnyama wetu huyu huyu anayekamata kuku usiku. Wahabeshi wamemfuga kwenye vizimba karne nyingi, wanamkwangua tezi ya chini ya mkia, wanauza nje. Jina ni la Kiarabu, mali ni ya Afrika. Mnunuzi ndiye aliyekuja na jina lake.

---

Kalamu Butu

Sawa kabisa, na inanoga zaidi hivyo: tuliuza mali tukabaki na neno la mnunuzi. Lakini udi, miski na sandali ni za kuja. Sandali imeanzia Uhindi kama *chandana*, ikapita kwa Waajemi, ikapita kwa Waarabu ikiwa *sandal*, ikashuka kwetu.

---

Dada wa Kilifi

Sandali hata kwetu ipo, tena imetuletea balaa. Kenya ilipiga marufuku kuivuna tangu 2007, na mwaka 2013 ikaingizwa kwenye mkataba wa CITES, huo unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Si mti ule wa Wahindi, ni binamu yake, lakini mafuta yake yanatakiwa. Shida ni kwamba mafuta mengi yako mizizini. Mwizi hakati tawi, anang'oa mti mzima na anapendelea ule wa kike.

Na swali langu kwa wenye ujuzi: hiyo "udi" ya elfu moja inayouzwa nje ya msikiti kila Ijumaa, ni udi kweli?

---

Mwalimu wa Jioni

Dada, jina lenyewe litakujibu nusu. *Ud* kwa Kiarabu ni kijiti, kipande cha mti, si zaidi. Ndiyo maana kinanda cha taarabu nacho ni udi. Mbao zote mbili. Kwa hiyo kijiti chochote kilichotiwa harufu, mtu anaweza kukiita udi na Mwarabu hatamshitaki.

Udi wenyewe hasa unatoka kwenye miti ya Asia, kuanzia Assam ya Uhindi mpaka Kambodia na Indonesia. Mti mzima hauna harufu ya maana. Ukishambuliwa na kuvu unajitetea kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya mbao, na huo ndio unaotafutwa. Mkataji anaweza kuangusha mti mkubwa asikute kitu, na ndivyo misitu ilivyofyekwa. Mmoja wa miti hiyo uliingizwa kwenye CITES mwaka 1995, jamii yake yote ikafuata miaka kumi baadaye. Sasa wanaipanda mashambani na kuitia kuvu kwa makusudi. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa cha elfu moja. Unachopewa ni vipande vya mbao vilivyolowekwa mafuta ya kiwandani. Si haramu, unanukia, lakini usilipe bei ya udi.

---

Msema Kweli Hafi

Mwalimu, na "marashi ya mawaridi" je? Mimi nilidhani ni wingi wa waridi.

---

Mwalimu wa Jioni

Unaweza kuisoma hivyo na hakuna atakayekufunga. Lakini Waarabu wana *maward*, kifupi cha *ma'* na *ward*: maji ya waridi. Mawardi ya wazee wetu ni hiyo. Kwa hiyo anayesema "maji ya mawardi" ametaja maji mara mbili, na anayesema "marashi ya mawaridi" amenyunyiza maji ya maua bila kujua. Kiswahili kimejaa vitu hivi na mimi sioni sababu ya kumrekebisha mtu.

---

Jembe na Kalamu

Nilikuwa nataka kuandika kwamba mtengenezaji manukato wa kwanza kujulikana kwa jina ni mwanamke, Tapputi wa Mesopotamia, Iraki ya leo, yuko kwenye kibao cha udongo cha takriban mwaka 1200 kabla ya Kristo. Nimeona wanaume mnatamba sana humu.

---

Bi Kikuba

Mwambie mwanangu. Na hao wa Mesopotamia si walikuwa na shemeji zao Unguja.

---

Mtu wa Bara

Bi Kikuba, mimi yote nimesoma lakini nimebaki na moja. Ule udi wa kupika nyumbani, wa vipande vyenye sukari, ndugu yangu aliletewa kutoka Zanzibar ukaisha. Unapikwaje? Kama si ile siri ya nyumba.

---

Bi Kikuba

Siri ni kipimo, njia si siri.

Chukua vipande vidogo vya udi, au sandali kama mfuko hauruhusu. Viloweke kwenye marashi ya mawardi usiku kucha, kwenye chombo chenye kifuniko. Kesho yake weka sukari na marashi kidogo kwenye sufuria nzito, moto mdogo wa makaa, usiondoke. Inayeyuka, inatoa povu, inaanza kuvutana kwenye mwiko. Ikigeuka rangi ya asali mimina vile vipande na ugeuze haraka. Sukari ikipita hapo inakuwa nyeusi na hakuna miski itakayoiokoa. Epua kwanza, ndipo utie mafuta yako: miski, ambari, chochote ulicho nacho. Ukiyatia motoni yanaruka yote, utanukiza jirani na udi wako utabaki mtupu.

Tandaza kwenye sinia, kivulini, ukauke siku mbili tatu. Tia kwenye kopo la kubana. Kuuchoma, kipande kimoja tu juu ya kaa lililoshaota majivu. Kaa jekundu linaunguza sukari.

---

Mtu wa Bara

Nimeshaandika. Makaa nayo yawe ya mti gani, Bi?

---

Bi Kikuba

Yoyote yasiyotoa cheche. Ya mkoko mazuri, lakini siku hizi kuukata mkoko ni kesi. Nunua yale ya duara ya dukani, subiri yashike vizuri mpaka yaache kutoa moshi wake, ndipo uweke.